Kofia ya sherifu imekatwa, halafu mtu anaiita "toleo lililosafishwa"!!

Wakuu, nimechafukwa. Yule yule mtoa DVD za tamthilia za kaboi mnayemjua, safari hii amekata KOFIA. Kaboi bila kofia! Tamthilia ya 1958, imepigwa kwa filamu ya 35mm, umbo la 4:3 (karibu na mraba), yeye kanyofoa juu na chini ili ijaze runinga pana ya 16:9. Robo nzima ya picha imekwenda! Juu kofia, chini bastola. Pambano la barabarani, wanatazamana, mkono unashuka kiunoni... kiuno chenyewe hakipo! Mtu kauawa kwa kiwiko! Ukimuuliza, eti mistari myeusi pembeni ni kasoro. KASORO? Ndivyo ilivyopigwa! Kofia jamani, kofia!

Mzee wa Deki: Punguza jazba. Tazama gurudumu la gari la farasi. Likiwa kama yai, picha imevutwa, weka ukubwa wa picha 4:3 kwenye runinga yako uache kutusumbua.

Mwenye uzi: Gurudumu ni duara kama sahani! Imekatwa humo humo kwenye diski. Hakuna rimoti ya kurudisha kofia!

Binti Vumbi: Kofia tu ndiyo unalilia? Njoo kwenye diski za pande mbili. Hazina pa kushika, kila alama ya kidole imekaa juu ya episodi. Shika ukingoni. Kufuta ni kutoka tundu la kati kwenda nje, kwa kitambaa laini. Ukizungusha, mkwaruzo unafuata njia ya data, deki inaganda.

Farasi Mwekundu: Na msimu mmoja kuuzwa maboksi mawili je? Tamthilia ya kaboi ya Gunsmoke ina misimu 20, episodi 635. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nimechoka.

Kanda Tano: Mna bahati zinasoma. DVD zimefungiwa kanda za dunia: diski za Marekani ni kanda 1, deki za huku kanda 5, inagoma. Ikikubali, ni NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, runinga ya zamani ya PAL, mfumo wa huku, inakunyima rangi. Tamthilia ya Bonanza ilitoka na rangi tangu 1959, wewe unaiona nyeusi na nyeupe!

Mwenye uzi: NA KOFIA??

Farasi Mwekundu: Kanda Tano, deki inafunguliwaje isome kanda zote?

Mzee wa Deki: Nyingi ni kwa rimoti. Toa diski, acha trei wazi, bonyeza namba za siri. Kila modeli ina zake, soma iliyoandikwa nyuma ya deki uiweke hapa.

Farasi Mwekundu: Ngoja nichomoe nyaya niigeuze.