Maorki wangu wana mizimu ya kuwalinda, sasa mbona wanakufa kama kuku wa mdondo?

kalamu_ya_usiku
Wakuu habari za saizi. Naandika stori ya fantasia, ndefu kiasi, nimefika sura ya tisa na nimekwama kabisa. Maorki wangu sikutaka wawe yale majitu ya kwenye hadithi na magemu, ya kupiga kelele na kusubiri kuchinjwa na shujaa, nimewapa imani yao, kila orki akizaliwa kuna mzimu mmoja wa ukoo unamchagua na unamlinda mpaka siku yake ya mwisho, afu kuna mashamani ndo wanaoongea na hiyo mizimu. Mpaka hapo ilikua tamu. Sasa sura ya tisa kuna vita, wanakufa maorki mia tatu asubuhi moja, na dada angu aliyesoma rasimu kaniuliza kitu kimoja tu: hao mia tatu walinzi wao walienda wapi? Nikabaki nimetoa macho. Nikisema mizimu ni dhaifu basi hawa watu ni wajinga kuiamini, nikisema ina nguvu basi vita haina maana maana hafi mtu. Afu nikimsoma shamani wangu upya naona ni mchawi wa kurusha radi tu aliyevalishwa mifupa. Nifanyeje?

kisu_butu
Mkuu shida iko kwenye hilo neno kulinda, umelifanya ngao. Analinda nini hasa? Warumi wa kale walikua na Lares, miungu midogo ya nyumbani, unaitengea kijimadhabahu ndani, kazi yake nyumba na familia, sidhani kama kuna askari aliyetegemea Lares imkingie mkuki. Na watoto wao wa kiume walivaa shingoni hirizi inaitwa bulla, ukishakua mtu mzima unaivua unawakabidhi hao hao Lares. Yani ulinzi ulikua na umri wake, ukipita unajitegemea.

Ila mi ningeenda kwa watu wa Skandinavia ya kale, wao walikua na fylgja, kiumbe kinamfuata mtu maisha yake yote, mara kwa umbo la mnyama mara la mwanamke, na kwenye hadithi zao ukikiona waziwazi mara nyingi ujue umebakiza siku chache. Sasa fikiria usiku wa kuamkia vita yako, orki mmoja anamuona mzimu wake amekaa upande wa pili wa moto, anageuka ili asimshtue mwenzie, anakuta mwenzie nae katoa macho anaangalia kitu. Mpaka alfajiri wote mia tatu wameshaona na hakuna aliyemwambia mtu. Vita yenyewe unaweza hata usiiandike.

ngoma_kubwa
Hiyo ya moto nimeipenda mno. Mi niongelee shamani maana ndo nilipoona umeteleza. Radi hiyo naijua ilikotoka, ni kwenye gemu, Warcraft III ya 2002 ndo iliyotufundisha wengi wetu kwamba orki na shamani ni chanda na pete, gemu nzuri tu sina ugomvi nayo, ila kule shamani lazima awe na kitufe cha kubonyeza ndo mana kapewa ngao ya radi. Kwenye kitabu huna vitufe.

Neno lenyewe limetoka Siberia, kwa lugha ya Waevenki, na ukisoma habari za mashamani wa kule na jirani zao utaona kwanza mtu haombi hiyo kazi, inamkamata, anaumwa, anaweweseka, anazurura porini, na akikataa wito ndo anaumwa zaidi, hata Korea wana jina kabisa la huo ugonjwa, sinbyeong, na hauponi mpaka ukubali kuingia kwenye kazi. Kwa hiyo huyo shamani wako muulize alikua nani kabla ya kuugua, labda alikua mwindaji bora wa ukoo na alitaka kuoa. Pili ngoma yake, sehemu nyingi za Siberia ngoma inaitwa farasi, shamani anaipanda kwenda kwa mizimu, sasa maorki wako kama hawana farasi basi ngoma iwe mnyama wanaempanda wao, nguruwe mwitu au chochote. Tatu, na hii ndo muhimu, mizimu inalishwa. Wamongolia wana ongon, vinyago ambavyo mzimu unakaa ndani yake, na walikua wanavipaka mafuta au maziwa mdomoni kabisa kama mtoto. Kwa hiyo shamani ni mtu wa kujadiliana, anaenda kuuliza mnataka nini na anarudi na bili. Sasa wewe hao mia tatu, ukoo ulilipa bili ya mwaka huo?

jino_moja
Mnamjazia mwenzenu makumbusho. Mara Roma mara Siberia mara Korea, mwisho atatoka na maorki wenye kofia tano. Mi naona aanze na mwili wa orki. Orki ana nini ambacho binadamu hana? Pembe za mdomoni. Basi mzimu unakaa humo. Mtoto anazaliwa mtupu, jino likitokeza ndo siku mzimu unahamia, hapo ndo sherehe. Likivunjika unafungwa kitambaa na huruhusiwi kuapa wala kutoa ushahidi. Ukifa jino linang'olewa linarudi nyumbani, ndo atakalopewa mjukuu. Kwa hiyo mzimu haulindi nyama kabisa, unalinda njia ya kurudi. Na adui akishinda akavaa meno yenu shingoni kama urembo, bila kujua anachofanya, basi una stori hapo.

Halafu kitu cha pembeni, neno orki lenyewe ukilifukua kwenye Kiingereza cha kale unakutana na orcneas, limo mara moja tu kwenye Beowulf, lile shairi refu la Kiingereza cha kale, kwenye kundi la majini na viumbe vya giza. Kwa hiyo jamaa walianza wakiwa mizimu wenyewe, sisi ndo tukawapa mashoka.

kisu_butu
@jino_moja sawa ila makumbusho yana faida. Wasami wa kaskazini ya Skandinavia ngoma zao zilinyang'anywa na wamisionari na serikali karne ya 17 na ya 18, nyingi zikachomwa, kadhaa zikaishia kwenye makabati ya vioo. Adui anaejua anachofanya hahangaiki na kijiji, anabeba ngoma. Hiyo na meno yako ni kitu kimoja.

kalamu_ya_usiku
Wakuu mmeniua. Meno nachukua, na moto nachukua. Vita naikata yote, inabaki usiku wa kuamkia, afu sura inayofuata shamani anapita uwanjani na kikapu anahesabu meno na anapata mia mbili tisini na nane. Radi nimeifuta, hata sijaihurumia.

Ila mmenifungulia tatizo jingine, shujaa wangu wa pili ni orki aliyelelewa na binadamu, na nilishaandika sura ya pili kwamba walimkata pembe zote akiwa mdogo ili afanane nao. Mzimu wa kwake unakaa wapi?

ngoma_kubwa
Hao waliomkata walitupa wapi vipande?