Siku ya kwanza ugenini na binti wa miaka 9: tuanze na nini?

Baba_Begani
Wadau, habari zenu. Mimi na binti yangu wa miaka 9 tunatua saa 1 asubuhi. Saa za huko ziko 6 mbele ya zetu, na chumba cha hoteli tunakabidhiwa saa 9 alasiri. Tuko wawili tu, mama yake hasafiri. Kwa siku hiyo ya kwanza nimepanga makumbusho, mnara, mashua ya mtoni na soko. Inawezekana? Na tufanyeje tusipotezane?

Ramani_Mkononi
Vyote vinne haviwezekani, mkuu. Bakisha mashua, na soko liwe la ziada kama miguu ya mtoto bado inamtii.

Kutua saa 1 si kutoka uwanjani saa 1. Kuna foleni ya uhamiaji, kuna kusubiri mizigo, kuna usafiri wa kuingia mjini. Tenga muda wa saa 3, ukimaliza mapema ni faida yako. Uhamiaji wanaweza kuuliza mzazi mwingine yuko wapi, kwa hiyo barua ya ridhaa ya mama yake na nakala ya cheti cha kuzaliwa vikae kwenye begi la mkononi. Vikiwa kwenye sanduku, ujue sanduku lenyewe liko ng'ambo ya dirisha la uhamiaji.

Hoteli nyingi hupokea mizigo kabla chumba hakijawa tayari, lakini waandikieni mapema kuuliza. Nguo za kubadili, miswaki, chaja na soksi kavu viwe kwenye begi la mgongoni. Sanduku likishaingia stoo, kulifungua katikati ya mapokezi kutafuta soksi ni aibu na usumbufu.

Tiketi yenye saa maalumu ya kuingia usiinunue kwa siku ya kwanza, labda iwe inabadilishika. Ndege ikichelewa kwa saa 2, tiketi imekwenda na pesa. Tena angalia siku ya kufungwa: makumbusho ya Louvre ya Paris hufungwa Jumanne, Makumbusho ya Taifa ya Tokyo hufungwa Jumatatu, ila Jumatatu ikiwa sikukuu wanafungua, kisha wanapumzika siku inayofuata. Soma kalenda ya makumbusho yenyewe, usitegemee ramani ya simu pekee.

Saa_ya_Mwili
Naongezea kwenye usingizi, maana hapo ndipo watu huharibu hata siku zinazofuata.

Mwili hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi. Kinachousukuma zaidi ni mwanga. Joto la mwili hushuka chini kabisa saa 2 hadi 3 hivi kabla ya muda ambao mtu huamka kwa kawaida. Mwanga mkali kabla ya hapo huirudisha nyuma saa ya mwili, yaani mpangilio wake wa kulala na kuamka. Baada ya hapo huisogeza mbele, na mbele ndiko mnakotaka, maana saa za huko ziko mbele.

Sasa piga hesabu. Kama binti huamka saa 12 asubuhi, joto lake hufika chini kabisa karibu na saa 10 alfajiri. Ongeza 6: huko ni saa 4 asubuhi. Kwa hiyo ule ushauri wa "ukitua tu, kaa juani" hapa unawaumiza. Mpaka saa 4 kaeni ndani, na njiani vaeni miwani ya jua. Kuanzia saa 5 nendeni nje mkae nje. Ndiyo maana naunga mkono mashua. Makumbusho yenye mwanga hafifu mchana huo ni kumbembeleza mtoto alale.

Akizidiwa, alale dakika 20, zisizidi 30, na kengele iwe imewekwa. Ukimwacha saa nzima anaingia usingizi mzito. Kumwamsha ni vita, na usiku atakodoa macho. Akishtuka usiku wa manane msiwashe taa wala simu. Melatonini (homoni ya usingizi inayouzwa kama vidonge) kwa mtoto ni suala la daktari wake, si la humu.

Simama_Hapo
Kuhusu kupotezana, kanuni ni moja: aliyepotea ni mtoto, anayetafuta ni mzazi. Yeye asimame alipogundua hakuoni. Wewe urudi ulikopita. Mkitafutana wote wawili mtapishana mara kumi.

Treni ina kanuni yake. Mlango ukimfungia ndani, ashuke kituo kinachofuata na asubiri papo hapo jukwaani. Unamfuata kwa treni inayofuata ya njia hiyohiyo. Ukifungiwa wewe, yeye haondoki jukwaani, wewe ndiye unayerudi. Mfanyieni mazoezi ya maneno kabla ya kupanda.

Mwekee mfukoni kadi yenye jina la hoteli kwa maandishi ya nchi hiyo, na namba yako ikianza na alama ya + na msimbo wa nchi. Mpige picha asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo. Wazazi wengi wakiulizwa mtoto alivaa rangi gani, hubaki wanakisia.

Jambo dogo linalotusumbua sisi Waswahili: saa. Tiketi ikiandikwa 16:00 ni saa 10 kwetu, ila saa ya ukutani itaonyesha 4. Chagueni mtindo mmoja wa kutaja saa mkiwa huko.

Baba_Begani
Asanteni sana. Mnara nimeufuta, makumbusho nimeyahamishia kesho yake. Choo je, nikiwa baba peke yangu? Na pesa nitoe wapi?

Ramani_Mkononi
Choo tumieni cha makumbusho, maduka makubwa au stesheni kubwa, na ulizia chumba cha familia. Kisipokuwepo, aingie cha wanawake, nawe simama mlangoni anapoisikia sauti yako. Uwe na sarafu, baadhi hulipiwa. Usingoje aseme amebanwa; mpeleke kila mnapoondoka mahali.

Pesa toa kwenye mashine ya benki. Ikikuuliza kama ikukate kwa sarafu ya kwenu au ya pale, chagua ya pale, kwa sababu ukikubali ya kwenu ni mwenye mashine anayepanga kiwango, na mara nyingi kinakuumiza. Ramani ya mji ipakue kabla ya safari. GPS hufanya kazi hata bila intaneti.

Simama_Hapo
Na viatu visiwe vipya. Miguu huvimba kidogo baada ya ndege ndefu, kiatu kinachobana kinaanza kusugua. Akisema kisigino kinawaka, bandika plasta palepale, kabla lengelenge halijatokea. Likishatokea usilitoboe, lifunike tu.