Mawakili wa uhuru wa habari: tuwafundishe wa hapa Tanga, au tuendelee kuwategemea wa Dar?

MTOA MADA: Wakuu, fungu la kutetea uhuru wa habari likipatikana, huishia kwenye semina za waandishi, hotelini, posho na vyeti. Msimamo wangu ni kwamba Tanga tungeanza na mawakili, tena hawa hawa wa Chumbageni na Ngamiani wanaoshinda kwenye mirathi na migogoro ya viwanja.

Sababu yangu kubwa ni saa nne. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za msingi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, kabla ya kuongeza muda. Basi kutoka Dar linachukua zaidi ya hapo kufika Tanga. Wakili bingwa atashuka stendi maelezo yameshaandikwa na kusainiwa.

Na ndani ya saa hizo ndipo mambo huharibika. Chukua mwandishi aliyepiga picha wananchi wanaolalamikia fidia ya ardhi. Anaambiwa, "Fungua simu tuione hiyo picha." Anaifungua, kwa nia njema kabisa. Mle ndani kuna WhatsApp, na kwenye WhatsApp kuna mtumishi aliyemtumia nyaraka. Sheria inampa haki ya kuwasiliana na wakili, lakini ampigie nani saa tatu usiku?

Halafu kuna mambo ambayo wakili wa mirathi hakutani nayo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Kuna pia Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Mwaka 2018 iliona kufungiwa kwa gazeti la Mseto hakukuwa halali. Machi 2019 ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Huko hulazimiki kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Ila una miezi miwili tu ya kufungua shauri, na wakili asiyeijua hiyo atampotezea mteja wake nafasi huku akisubiri majibu ya barua za malalamiko.

MCHANGIAJI, MTANGAZAJI MSTAAFU: Mwanangu, shikamoo nimeipokea, lakini umeanzia mwisho. Vijana wanasoma hewani ujumbe uliosambazwa, hata kumpigia anayetuhumiwa hawampigii. Wakili atatetea nini hapo? Fundisheni maadili kwanza.

MTOA MADA: Mzee wangu, maadili nayaunga mkono. Lakini aliyekosea naye anahitaji wakili, pengine kuliko asiyekosea. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwenye shauri la mwandishi Konaté dhidi ya Burkina Faso mwaka 2014, haikusema mwandishi asiulizwe. Ilisema kumfunga jela kwa kashfa kumevuka mpaka. Kosa la kalamu lina dawa zake: kuomba radhi, kusahihisha, kulipa fidia.

MCHANGIAJI, WAKILI: Nipo Tanga, nizungumze kwa niaba ya wenzangu. Kusoma tutasoma. Nani atalipa? Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyotoka, nauli yenyewe ya kuja ofisini kwangu ni shida. Tena wengine wetu tunaishi kwa kazi za taasisi hizo hizo zinazolalamikiwa. Nikisimama na mwandishi leo, kesho kazi inahamia kwa mwingine.

MTOA MADA: Hapo msomi umenigusa, na sitakudanganya kuwa mafunzo yanalimaliza hilo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamhusu asiye na uwezo, na mwandishi wa aina hiyo hana uwezo, kwa hiyo aombewe bila aibu. La pili, msiwe wawili. Mkiwa kumi na tano mnaopokezana, hakuna wa kunyooshewa kidole.

Na mahakimu nao waingie darasa hilo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto, mkoani kwetu, hatuna haja ya kwenda mbali. Hakimu na wakili wakiisoma ibara ya 18 ya Katiba, ile ya uhuru wa maoni, pamoja, hoja haitasikika kizimbani kama kitu kigeni.

Ninachoomba kwa kuanzia ni kidogo: orodha ya zamu, namba mbili za mawakili kila wiki, ibandikwe kwenye kila studio ya redio mkoani. Anayeipinga aseme kwa nini, na mawakili mlio tayari semeni wiki mnayoiweza.