Kifaa cha nakala rudufu hakipati anwani kwenye mtandao wa chuo

Msaidizi wa Utafiti

Wanajukwaa, habari za majukumu. Mradi wetu umenunua kifaa cha kuhifadhi data kupitia mtandao, chenye diski mbili za terabaiti 4 zinazobeba data ileile, ili kompyuta za ofisi ziwe zinaweka nakala rudufu kila usiku. Nilipokijaribu nyumbani Sinza kwenye ruta ya kawaida kilionekana papo hapo. Tangu nikilete ofisini, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na kuchomeka kebo kwenye soketi ya ukutani, taa ya mtandao inawaka lakini hakuna kompyuta inayokiona, na kioo kidogo cha mbele kinaonyesha anwani inayoanza na 169.254. Mwenzangu ananishauri ninunue ruta ndogo Kariakoo niiweke kati ya soketi na kifaa. Je, ushauri huo unafaa?

Fundi Mitandao

Ndugu Msaidizi, anwani inayoanza na 169.254 ni ile ambayo kifaa hujipa chenyewe baada ya kuomba anwani kwenye seva ya DHCP (ile inayogawa anwani kwa vifaa vya mtandao) na kukosa jibu, kwa hiyo diski zako usizitilie shaka. Mitandao mingi ya vyuo hutumia utaratibu wa 802.1X, ambapo swichi (kifaa kinachounganisha soketi za ukutani na mtandao) haipitishi data yoyote mpaka kilichochomekwa kijitambulishe, mara nyingi kwa jina na nywila ya mtumishi. Mingine hupokea tu vifaa ambavyo anwani zake za MAC (namba za utambulisho ambazo kiwanda hulipa kila tundu la mtandao) zimesajiliwa. Katika hali zote mbili taa itawaka, kwa sababu taa inathibitisha tu kwamba kebo ni nzima na imefika kwenye swichi.

Kitengo cha TEHAMA ndicho chenye ufunguo. Waandikie kupitia mkuu wa idara, ukitaja anwani ya MAC ya kifaa (herufi na tarakimu 12 zilizoandikwa kwenye kibandiko), namba ya soketi ya ukutani, kazi ya kifaa na jina la mtumishi atakayewajibika nacho. Omba wakitengee anwani ya kudumu kwenye DHCP. Usijiandikie anwani yoyote unayodhani iko wazi, kwani ikigongana na ya printa ya idara, vyote viwili vitayumba na itachukua muda kumpata mchawi.

Kuhusu ruta, hapana. Mtu akichomeka kebo ya ukutani kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la kupokea intaneti), na matundu hayo hufanana sana, ruta hiyo huanza kugawa anwani zake za 192.168 kwa ofisi za jirani, na ghorofa nzima ikakosa intaneti bila kujua kisa. Hata ikifungwa sawasawa, kifaa kitajificha nyuma yake na kompyuta zilizo nje ya ruta hazitakifikia.

Msaidizi wa Utafiti

Nashukuru sana, mkuu. Yamebaki mawili. Baadhi yetu tunatumia kompyuta mpakato kwenye WiFi ya chuo: je, tutakiona? Pia profesa wetu angependa kufungua mafaili yake akiwa nyumbani.

Mtunza Seva

Niongezee hapo. Kwenye orodha ya vifaa hamtakiona, kwa kuwa WiFi na soketi za ofisini kwa kawaida hugawiwa mitandao midogo tofauti, na ule wito wa kutafutana kwa majina hauvuki kutoka mmoja kwenda mwingine. Andikeni anwani ya kifaa moja kwa moja. Ikishindikana, waombeni TEHAMA waruhusu porti 445, mlango wa SMB (utaratibu wa kushirikishana mafaili mtandaoni), kutoka upande wa WiFi kuelekea anwani hiyo peke yake.

Nakala ya kwanza, hata hivyo, ifanyeni kwa kebo, tena kebo nzuri. Kasi ya gigabiti 1 huhitaji nyaya zote nane ndani ya kebo ziwe zimeshika. Mmoja ukilegea, mara nyingi kasi hushuka hadi megabiti 100 bila onyo lolote. Terabaiti 2 kwa megabiti 100 ni takriban saa 44 kwa hesabu ya karatasi, ilhali kwa gigabiti 1 ni saa nne na nusu hivi.

Suala la profesa ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Msikifungulie kifaa njia ya kufikiwa moja kwa moja kutoka intaneti, na UPnP (inayoweza kufungua njia hiyo yenyewe kwenye ruta) izimeni. Mwanzoni mwa 2022 programu hasidi ya Deadbolt ilishambulia vifaa vya kuhifadhi data vya kampuni ya QNAP vilivyokuwa vimeachwa wazi namna hiyo, ikafunga mafaili kwa usimbaji na kuwadai wenyewe fidia kwa bitcoin. Aingie kwanza kwenye VPN ya chuo (njia salama ya kuingia mtandao wa ndani ukiwa mbali), kisha afungue mafaili kama aliye ofisini. Toleo la kwanza la SMB nalo lizimwe. WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kwa kupitia udhaifu wa humo humo.

Diski mbili zenye data ileile zinakukinga diski moja ikifa, basi. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote kwa mkupuo mmoja. Washeni utunzaji wa matoleo ya zamani, na muwe na nakala nyingine nje ya jengo. Kama mna madodoso yenye majina ya wahojiwa, nakala hiyo iwe imesimbwa, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawagusa. Na kwa umeme wetu huu, nunueni UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) yenye kebo ya USB ya kuunganishwa na kifaa, ili betri ikikaribia kuisha kijizime chenyewe taratibu.

Msaidizi wa Utafiti

Barua naiandaa leo. Kibandiko kina anwani mbili za MAC, niandike ipi?

Fundi Mitandao

Kifaa chako kina matundu mawili ya mtandao, kila moja na anwani yake. Andika zote mbili ukieleza ipi ni ya tundu lipi, lakini chomeka kebo moja tu, kwenye tundu namba 1.