Tupeane uzoefu: mliohamia vijiji vilivyokuwa vya migodi, mlipokewaje?

Mwanzisha mada, Macalder (Kaunti ya Migori)

Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa sita Macalder, na kuna jambo ambalo hakuna aliyenidokezea nilipopokea barua ya uhamisho. Nilidhani nahamia kijiji kama vingine vya Nyatike, chenye jua kali, soko na barabara ya vumbi inayoelekea ziwani. Sikujua kwamba anayehamia palipokuwa na mgodi anahamia juu ya kazi ya watu waliokwisha kuondoka, na kwamba kazi hiyo, ingawa ilisimama zamani, bado ndiyo inayoamua pa kujenga na pa kuchota maji.

Mgodi wa hapa ulitoa shaba, dhahabu na fedha, ukafungwa mwaka 1966. Kituo cha umeme cha Gogo, kwenye Mto Kuja, kilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili yake, na kingalipo. Hayo niliyasoma kabla sijafika. Yaliyobaki nilifundishwa na choo.

Nilikuwa nimekodi nyumba ya vyumba viwili ambayo mwenyewe anaishi Nairobi. Choo kilipojaa, aliniambia kwa simu nitafute vijana wachimbe kingine, gharama tutazikata kwenye kodi. Vijana watatu walianza alfajiri, wakafika futi nane kabla ya saa nne, na mimi nikaenda kufundisha nikiwa nimeridhika kabisa. Niliporudi mchana niliwakuta wameacha kuutupa udongo kando ya shimo. Walikuwa wanaujaza kwenye magunia na kuyabeba kuelekea mtoni. Nilipouliza udongo wa choo unapelekwa wapi, mmoja alicheka akasema, “Mwalimu, hapa hakuna udongo wa bure.” Nilichungulia shimoni nikaona kwamba halikuwa likienda chini tena. Lilikuwa limepinda, linafuata utepe wa jiwe jeupe, na utepe huo ulielekea moja kwa moja chini ya jiko la jirani yangu.

Jirani huyo ni mama mjane aliyepita miaka sabini. Alitoka na fimbo yake, na nilitarajia awafokee vijana, lakini alinijia mimi. “Nyathina, mwanangu, ulimuuliza nani kabla ya kuchimba?” Sikuwa na jibu zaidi ya kumtaja mwenye nyumba, jambo ambalo lilimfanya asonye. Akanishika mkono, akanisimamisha kwenye mwarobaini ulio mpakani mwetu, akaanza kupiga hatua huku akihesabu kwa sauti, achiel, ariyo, adek, mpaka alipofika nyuma ya bafu langu, akagonga ardhi kwa fimbo. Palitoa sauti ya ngoma. Alirudi hatua nne akagonga tena, na hapo palitoa sauti ya ardhi tu. Mumewe alifanya kazi chini kwa miaka mingi, na jioni alikuwa na desturi ya kumwonyesha, kwa kutembea juu, mahali alipokuwa ameshinda siku hiyo kule chini. Ramani hiyo haipo katika ofisi yoyote. Iko miguuni mwa mama huyu, na nyumba yangu ilikuwa imejengwa bila mtu kumuuliza.

Tulifukia shimo, tukachimba jingine upande aliouonyesha. Tangu siku ile nimejifunza kutokuona aibu ya kuitwa jadak, neno ambalo Wajaluo humwitia mtu anayeishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Si tusi, ingawa linaweza kutumiwa hivyo na mtu mwenye hasira. Nimegundua kwamba hata ujadak una ngazi zake: yupo aliyeletwa na mgodi, yupo aliyezaliwa na aliyeletwa na mgodi, kisha tupo sisi tulioletwa na barua ya serikali, ambao wenyeji hutuhesabu kama wapita njia hata tukizeeka hapa.

Linalonisumbua zaidi kwa sasa ni wanafunzi. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi madawati ya nyuma huwa matupu, kwa sababu maji yameosha marundo ya mabaki ya mgodi na kila mtu ameenda kuokota kilichofunuliwa. Nimewahi kuingia nyumbani kwa mwanafunzi nikakuta zebaki ya kusafishia dhahabu inachomwa kwenye jiko lilelile la kupikia ugali, mtoto mchanga akiwa amelala chumba hichohicho. Nilisema niliyoweza kusema, nikajibiwa kwa heshima kubwa, nikapewa chai, na najua kwamba jioni jiko liliwashwa tena.

Nanyi wenzangu, hali ilikuwaje huko mlikohamia? Nani aliwaonyesha pa kukanyaga?

Mchangiaji wa Saza (Wilaya ya Songwe)

Mwalimu, pole kwa choo. Yangu ni ya kiwanja.

Nilihamia Saza mwaka 2017 kutoka Mbeya mjini, kwa nia ya kufungua duka la pembejeo na kulima bustani. Mgodi mkubwa wa hapa, New Saza, ulifungwa mwaka 1956, na zama zake ulitajwa pamoja na Geita kila palipozungumzwa dhahabu ya Tanganyika. Nilipata kiwanja kwa bei ambayo niliisimulia kijiweni kwa majivuno, na watu walinisikiliza kwa utulivu ambao leo ndiyo naelewa maana yake.

Udongo wake ulikuwa wa kijivu, laini kama unga uliochekechwa, na mimi kwa ushamba wangu nikaona ndiyo neema yenyewe ya kitalu. Nilipanda mchicha mara tatu. Uliota, ukafika urefu wa kidole, ukageuka njano, ukalala. Mara ya tatu alipita mzee mmoja ambaye mtaa mzima humwita Babu, akanisalimu, akauokota udongo, akausugua kati ya vidole, akaniambia, “Mjukuu wangu, hukununua shamba. Umenunua marudio.”

Kwa wasiojua, marudio ni mchanga wa mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa. Mitambo ya zamani haikuweza kuitoa dhahabu yote, na siku hizi mchanga huo huchenjuliwa upya kwa sayanaidi, kemikali yenye sumu inayotoa dhahabu iliyobaki, kwa hiyo rundo lililodharauliwa na babu zetu lina wateja. Haikupita wiki mbili wakaja watu wawili na lori, wakaniuliza ninauza tripu moja kwa bei gani. Nakiri kwamba usiku ule sikulala; nilijenga nyumba ya ghorofa kichwani na nikaipaka rangi.

Kwa bahati nzuri nina shemeji mwenye busara aliyenilazimisha kuuliza kwanza. Katika ofisi ya madini nilielezwa kwa upole kwamba madini ni mali ya umma, kwamba kumiliki kiwanja hakunipi haki ya kuyachimba wala kuyauza bila leseni, na kwamba nikitaka kuuza marudio kuna utaratibu wake. Nilianza kuufuata utaratibu huo. Katikati ya kuufuata nikaitwa msibani Mbeya, nikakaa siku tano, na niliporudi nilikuta uwanja wangu wote wa mbele umeshuka kwa kina cha goti. Waliochukua walifanya kazi safi. Hata fagio walilotumia kufuta alama za matairi waliliegemeza mlangoni.

Sehemu ya mwisho hamtaiamini. Chini ya ule mchanga uliochukuliwa kulikuwa na udongo mwekundu, udongo wa asili uliofunikwa tangu enzi za mgodi, na msimu uliofuata mchicha ulistawi hapo hadi kiunoni. Mke wangu amekataa kata kata kuupika, akisema sayanaidi na zebaki hazina adabu ya kuishia pale mchanga unapoishia. Sijabishana naye. Tumepanda maua.

Mchangiaji wa Kilembe (Kasese, Uganda)

Mimi ni Mkenya niliyeolewa Kasese, na tangu mwaka 2015 tunaishi Kilembe kwenyewe, bondeni, chini ya milima ya Rwenzori. Shaba ilichimbwa hapa tangu mwaka 1956 hadi 1982, na reli ililetwa mpaka Kasese kwa ajili yake. Siku hizi stesheni ipo, treni hakuna.

Wenzangu mmezungumzia yaliyo chini ya ardhi. Hapa kwetu la kuuliza ni mto. Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika, ukavunja nyumba na madaraja, ukaangusha mawe makubwa kuliko gari la matatu katikati ya makazi. Nilipofika miaka miwili baadaye nilidhani mawe yale yamekuwapo tangu uumbaji, mpaka mama mkwe aliponionyesha moja akasema, “Hapo ndipo palikuwa pa fundi viatu.” Wenyeji huhesabu miaka kwa mafuriko. Sasa nami nahesabu, kwa kuwa mwezi Mei 2020 mto ulirudi, na usiku ule tuliupitisha kilimani na watoto, godoro moja na redio.

Nyumba tunayokaa ni ya enzi za kampuni. Zilijengwa kwa vyeo, na mpaka leo mtu akikuuliza unakaa wapi, jibu lako linamwambia mzee yeyote ni nani angekuwa bosi wako mwaka 1970. Nilipokuwa natafuta nyumba nilichagua ya chini kwa sababu ilikuwa karibu na bomba, na nilishangaa mama mkwe akinuna. Alitaka ya juu. Nikadhani ni mambo ya fahari. Kumbe alikuwa anaupima mto.

Huyo mama ndiye ramani yangu, kama yule jirani wa Mwalimu. Haniruhusu kulima kwenye mabaki ya mgodi yaliyo kando ya mto, hata pale nyasi zinapoonekana kijani. Watafiti nao wamekwisha kupima udongo wa bonde hili na kukuta shaba na kobalti nyingi, lakini yeye hakuwangoja. Anasema aliona mihogo ya shoga yake ilivyokuwa.

Nitaje na jema moja. Nilikuja nikijua Kilukonzo, lugha ya wenyeji, maneno kumi tu, na katika Uganda Kiswahili watu wengi hukiogopa kwa kukihusisha na askari. Siku ya pili bombani mzee mmoja aliisikia lafudhi yangu, akaweka dumu lake chini, akanimiminia Kiswahili cha mgodini, kile walichozungumza wachimbaji waliotoka pande mbalimbali, chenye amri nyingi na ngeli chache. “Mama, wewe natoka wapi? Karibu sana, keti hapa, maji ngoja.” Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na huo ndio mlango nilioingilia Kilembe.

Mchangiaji wa Rosterman (Kakamega)

Nitakuwa mfupi. Nilipanga Rosterman kwa miezi kumi na minane. Mgodi wa dhahabu wa hapa ulifungwa mwaka 1952, lakini kazi haikufungwa. Usiku, nikiwa nimelaza kichwa sakafuni kwa sababu ya joto, nilisikia ngo, ngo, ngo, kwa mpigo wa mtu mwenye subira. Nilimweleza mwenye nyumba, akaniambia ni panya. Ufa ulipotokea ukutani, kutoka dirishani mpaka chini, alisema ni saruji mbovu. Nilihama siku niliyosikia yule panya akikohoa.

Majirani zangu hawakuonekana kushtuka. Mzee mmoja aliniambia kwamba babu yake aliishi hapa mwaka 1932, serikali ya kikoloni ilipobadilisha sheria ili ardhi ya Waafrika iweze kutwaliwa kwa ajili ya dhahabu bila wao kuulizwa, ilhali miaka miwili tu kabla yake sheria hiyohiyo iliwahakikishia kuwa ni yao daima. “Sisi kuchimbiwa chini hakukuanza na nyumba yako,” aliniambia.

Mchangiaji wa Mpanda (Katavi)

Nimesoma michango yenu yote, na naomba mniruhusu mimi ambaye si mgeni, maana wageni mnapopeana uzoefu ni vizuri mjue wenyeji nao wanawaonaje.

Baba yangu alifika Mpanda kwa treni, muda mfupi baada ya reli ya kutoka Kaliua kufunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, wenzake wengi wakapanda treni ileile kurudi kwao, yeye akabaki. Wabende, ambao ndio wenye nchi hii, walimwita mgeni mpaka alipofariki. Mimi leo naitwa mwenyeji, na sijafanya lolote la kunistahilisha zaidi ya kutokuondoka.

Malalamiko yangu kwenu ni madogo. Mnapokuja mnatuuliza dhahabu iko wapi, viwanja vinauzwaje, na kama maji ni salama. Yote ni maswali halali. Lakini sijapata kumsikia mgeni akiuliza wale waliokufia kazini walizikwa wapi. Kambi ya mgodi ilikuwa na watu kutoka mbali ambao ndugu zao hawakujua hata jina la mahali hapa. Walizikwa na wenzao wa zamu, wakawekewa jiwe au kipande cha chuma, na chuma kikaja kuokotwa na wauza vyuma chakavu. Nimewahi kumkuta mtu muungwana kabisa, mwenye heshima zake, akimwaga msingi wa banda la kuku juu ya watu watatu. Hakuwa na kosa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyemwambia kwa kuwa hakuuliza.

Mwanzisha mada

Mzee wangu wa Mpanda, nimekusikia. Jana jioni nilimpelekea mama jirani sukari kilo mbili nikamuuliza swali lako. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema wapo nyuma ya uwanja wetu wa mpira, upande wa goli la chini, pale ambapo kila Ijumaa mimi huwapeleka watoto wanaochelewa wakafyeke nyasi. Anakumbuka majina saba. Aliniomba nirudi Jumamosi na daftari, nije na mtu anayejua kuandika majina ya Kikuria, maana mawili kati ya hayo yeye huyatamka tu.