Ziara ya historia: Bagamoyo, Unguja au Kilwa?

Mwalimu_wa_Zamu: Wakuu, kwema? Shule imepitisha ziara ya kidato cha tatu, mada biashara ya utumwa. Niwapeleke wapi? Kikao ni kesho.

Kibatari: Mnatoka wapi? Wangapi? Bajeti? Mwezi gani? Au tupige ramli?

Binti_Shangani: Unguja, hakuna mjadala. Mkunazini kanisa limekaa palepale penye soko la watumwa alilofunga Sultani Barghash 1873. Mkitoka hapo Mangapwani, walikofichwa watu baada ya marufuku.

Chumvi_Kali: Vile vyumba vya chini Mkunazini msiwadanganye watoto. Jengo lile wamisionari walilijenga liwe hospitali, soko limeshafungwa.

Binti_Shangani: Kwa hiyo soko nalo hekaya?

Chumvi_Kali: Nimesema vyumba. Soma vizuri, dada.

Nahodha_Mstaafu: Kilwa. Kila siku mnaimba Waarabu tu. 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kwa mwaka, piastre (sarafu za fedha) 20 kila kichwa, waende Île de France, ndiyo Morisi ya leo. Karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa inapokea misafara ya kutoka Ziwa Nyasa. Mkifundisha Unguja peke yake, Mzungu anapona.

Mama_Wawili: Mimi Bagamoyo na wanafunzi basi tena. Tulimpata kijana mmoja nje wa kututembeza, tukapatana bei ya kundi zima. Kufika magofu ya Kaole kageuka, eti kila kichwa kinalipiwa. Jua la saa saba, maji yameisha, dereva anapiga honi. Tumelipa, ndipo akawaambia watoto meli ziling'oa nanga pale moja kwa moja hadi Marekani kwenye pamba! Ukweli ni kwamba misafara ya Ujiji na Tabora iliishia Bagamoyo, majahazi yakawavusha watu Unguja. Wengi wakabaki kwenye mikarafuu, wengine wakapelekwa Arabuni kusi ikivuma. Nikamsahihisha, akanuna. Kwenye mtihani nusu ya darasa wameandika pamba.

Chumvi_Kali: Ila zipo meli za watumwa zilizokwenda Brazil.

Mama_Wawili: Kutoka Msumbiji, sio Bagamoyo!

Mwalimu_wa_Zamu: Samahani, nilibanwa na vipindi. Tuko 62, Morogoro, mwezi wa saba. Kilwa mashua zipo?

Nahodha_Mstaafu: Zipo, ila mwezi huo kusi imechachamaa, kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani watatapika. Kivinje iko bara, mnafika na basi lenu.

Kibatari: Morogoro hadi Kilwa siku nzima barabarani. Bagamoyo mnarudi usiku huohuo.

Mama_Wawili: Na yule kijana mnisalimie.

Kibatari: Mwalimu, hao 62 ni pamoja na walimu? Na bajeti je?