Maisha ya usharika Saint Paul na shughuli za Oktoba hadi Majilio: maswali ya familia iliyohamia karibuni

Ujumbe wa kwanza: mama aliyetoka Iringa

Shikamooni wazee wetu, na salamu kwa ndugu wote katika Bwana.

Mimi na mume wangu pamoja na watoto wetu tumehamia Saint Paul mwezi wa Julai tukitokea Iringa. Tumekwisha kusali katika ibada ya Kiswahili ya alasiri na tumepokewa vizuri, jambo ambalo tunamshukuru Mungu kwalo. Hata hivyo, tumeona bendera ya upinde wa mvua karibu na mlango wa kanisa, na kwenye ubao wa matangazo kuna shughuli nyingi tusizozizoea, ikiwemo ibada ya kubariki wanyama. Tungependa kufahamu kama hili ni kanisa la Kilutheri kama letu, kama kushiriki kwetu kutahesabiwa kuwa tumekubali kila msimamo wake, na utaratibu wa sadaka ukoje. Binti yetu alikuwa ameanza mafundisho ya kipaimara nyumbani, na hatutaki masomo yake yakatike. Tunaomba mwongozo wenu.

Jibu: mama katibu wa ushirika wa Kiswahili

Marahaba mwanangu, na karibuni sana Minnesota. Umefanya vyema kuuliza mbele ya wote, kwa sababu familia nyingi hufika zikiwa na maswali hayo hayo, huyanyamazia, kisha tunaacha kuziona kanisani bila kujua kilichowakwaza.

Ndiyo, hili ni kanisa la Kilutheri, na uhusiano wake na nyumbani kwenu ni wa karibu sana. Usharika unaotupa nafasi ya kusali ni wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani, yaani ELCA, ambalo lilianza kazi rasmi Januari 1988 baada ya makanisa matatu kuungana, na makao yake makuu yako Chicago. Sinodi yake ya Saint Paul, ambayo ni kama dayosisi kwetu, imekuwa na ushirikiano na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) tangu mwaka 1987, ushirikiano unaoitwa Bega kwa Bega, ambao ndani yake usharika wa hapa huunganishwa na usharika wa kule ili waombeane, watembeleane na kusaidiana katika elimu na afya. Kwa hiyo mkiwaambia wazee wa hapa kwamba mmetoka Iringa, msishangae wakianza kuwauliza habari za Ilula au Tungamalenga, kwa maana wapo waliofika huko.

Kuhusu bendera nitasema waziwazi, kwa sababu ni afadhali mzazi aelezwe mapema na mtu wake kuliko kusikia nusu nusu njiani. Mwezi wa Agosti 2009, mkutano mkuu wa ELCA uliofanyika Minneapolis uliamua kwamba watu walio katika mahusiano ya jinsia moja yenye uaminifu wa kudumu wanaweza kuwa wachungaji, na uamuzi huohuo ukatambua kwamba Wakristo wanatofautiana kwa dhamiri njema juu ya jambo hili, hivyo hakuna usharika unaolazimishwa kumwita mchungaji usiyemtaka. KKKT haikukubaliana nao, na mapema mwaka 2010 ilitoa msimamo wake katika Tamko la Dodoma. Tofauti hiyo ipo mpaka leo. Usharika tunaosali ndani yake ni miongoni mwa zile zilizotangaza hadharani kwamba zinawakaribisha watu wote, wakiwemo wenye mahusiano ya jinsia moja, na bendera ile ndiyo tangazo lenyewe.

Je, kushiriki ni kukubali kila kitu? Hapana, na hakuna atakayekusainisha jambo lolote la namna hiyo. Ndani ya ushirika wetu wa Kiswahili wapo wanaounga mkono msimamo wa wenyeji wetu, wapo wasiouunga mkono, na sote tunakaa meza moja ya Bwana. Tunachowaomba wote ni heshima: katika madhabahu, jikoni na katika vikundi vya vijana mtakutana na familia zenye baba wawili au mama wawili, na hao ni washarika kamili, wengine wao ndio waliowapokea wageni wetu uwanja wa ndege usiku wa theluji wakiwa na makoti mikononi. Maoni yangu mimi, baada ya kuishi nao kwa muda mrefu, ni kwamba watu hawa wanaichukulia Injili kwa uzito mkubwa, na mapenzi yao kwa mgeni nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe.

Kuhusu Chakula cha Bwana, angalieni jambo moja linalowahusu watoto. Nyumbani mtoto husubiri mpaka apate kipaimara, lakini hapa mchungaji atampa mkate hata mtoto mdogo akinyoosha mikono. Kama ninyi wazazi mnataka asubiri, mfundisheni akunje mikono kifuani afikapo mbele, na mchungaji atamwekea mkono kichwani na kumbariki bila kuuliza. Mkate usio na ngano upo katika kisahani cha pembeni, na maji ya zabibu yasiyo na kileo yapo katika vikombe vidogo vya rangi nyeupe.

Mafundisho ya kipaimara hufanyika Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni, yakitanguliwa na chakula cha pamoja. Leteni barua ya usharika wenu wa zamani inayoonyesha binti amefikia wapi. Fahamuni pia kwamba hapa vijana huhimizwa kuuliza na kutoa mashaka yao, na hawakaririshwi Katekisimo yote kwa moyo kama sisi tulivyofanyiwa. Mimi naona ni vyema mzazi aendelee kumkaririsha nyumbani Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ili binti apate yote mawili. Zungumzeni na mchungaji kabla ya darasa la kwanza, kwa kuwa yeye hupenda wazazi wamweleze wanachotarajia.

Sadaka ni hiari. Mkijiandikisha kuwa washarika mtapewa bahasha zenye namba, kama ilivyo KKKT, au mnaweza kutoa kwa njia ya benki. Nawashauri msitie fedha taslimu kapuni bila bahasha, kwa sababu mwezi wa Januari mhasibu hutoa taarifa ya mwaka mzima, na kuanzia mwaka huu wa 2026 sheria ya kodi inamruhusu hata yule asiyeorodhesha makato yake moja moja katika fomu ya kodi kuondoa sadaka ya fedha hadi dola 1,000 katika kipato kinachotozwa kodi, au dola 2,000 kwa mume na mke wanaojaza fomu pamoja. Kwa sadaka yoyote ya mara moja inayofika dola 250, lazima muwe na maandishi ya kanisa. Mwishoni mwa Oktoba mtapewa kadi za kuandika ahadi ya sadaka mnayokusudia kutoa, na bajeti itakayopigiwa kura katika mkutano mkuu wa usharika mwezi wa Januari hutegemea ahadi hizo. Anayejiandikisha ana kura, na mimi ningependa sana sisi Waswahili tuwe na kura nyingi zaidi katika mkutano ule.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka hasa kulisema, si kwenu wageni peke yenu, bali kwetu sote. Tumezoea kufika alasiri, kusali kwa lugha yetu, kula pilau yetu ukumbini, kufagia na kuondoka, kana kwamba sisi ni wapangaji. Maisha ya usharika huu yako katikati ya juma na katika shughuli za majira, na asiyeshiriki huko hafahamiani na mtu yeyote siku gari linapokwama au mtoto anapohitaji mdhamini wa kazi ya kiangazi. Kwa hiyo someni ratiba ifuatayo mkitafuta mahali pa kuingia.

Jumapili tarehe 4 Oktoba, siku ya kumkumbuka Fransisko wa Asizi, ndiyo ibada ya kubariki wanyama. Hufanyika uani, nje ya kanisa. Watu huleta mbwa, paka, sungura, hata kobe ndani ya sanduku, na mchungaji humwekea kila mmoja mkono akimtaja jina na kumshukuru Mungu kwa uumbaji wake. Wazee wetu wengine wameona ni jambo geni, lakini nyumbani tunawaombea mifugo na mashamba siku ya mavuno, na shukrani ni ile ile. Anayeogopa mbwa akae upande wa ngazi, ambako hawaruhusiwi.

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba, saa saba mchana, kuna matembezi ya kuchangia wenye njaa, nayo namwachia ndugu yetu ayaeleze. Jumamosi tarehe 17 ni ugawaji wa makoti, buti na glavu. Familia yenu ije mapema, saa tatu asubuhi, mchukue ya kila mtoto bila aibu yoyote, halafu kama mna nafasi mbaki kuwahudumia wengine, maana wasemao Kiswahili, Kisomali na Kihispania wanahitajika sana mezani.

Jumapili tarehe 25 Oktoba ni Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa yaliyoanzishwa na Martin Luther, na ibada itakuwa moja kwa wote, saa nne asubuhi, kwa Kiingereza na Kiswahili. Kwaya yetu itaimba. Baada ya ibada tumeomba, na baraza limekubali, tufanye mnada wa mavuno kama wa nyumbani: leteni maboga, mayai, mikate, vitenge, hata kuku aliyekwisha kuchomwa, na mnadishaji wetu atawafundisha wenyeji jinsi boga moja linavyoweza kununuliwa na watu watano na kurudishwa mezani kila mara. Mapato yote yatakwenda katika mfuko wa wanafunzi wa Iringa.

Tarehe 1 Novemba ni Watakatifu Wote, na usiku wa kuamkia siku hiyo saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Atakayesahau atafika saa nzima kabla ya wakati. Majina ya waliofariki mwaka huu husomwa na mshumaa huwashwa kwa kila mmoja, wakiwemo waliofia nyumbani ambao hatukuweza kuwazika. Nitumieni majina hayo kabla ya tarehe 25, yakiwa na matamshi yaliyoandikwa vizuri, kwa sababu ni uchungu kusikia jina la mama yako limeharibiwa siku kama hiyo.

Ijumaa tarehe 13 Novemba ni karamu ya samaki mkavu wa Kinorwei, ambaye hulowekwa katika maji ya magadi makali hadi alainike, kisha huliwa na siagi na viazi. Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, yanaanza tarehe 29 Novemba, Jumapili inayofuata Siku ya Shukrani ya Marekani, na kila Jumatano ya Majilio kuna supu na sala ya jioni. Zamu yetu ya kupika supu ni Jumatano ya pili, yaani tarehe 9 Desemba.

Nyongeza: ndugu aliyetoka Kongo

Asante sana Mama Katibu. Karibuni, dada na kaka.

Matembezi ya tarehe 11 yanaandaliwa pamoja na Church World Service, shirika la misaada la makanisa, na robo ya fedha zinazokusanywa hubaki kwa vituo vya chakula vya mji wetu. Wengi wetu tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tunalifahamu shirika hilo, kwa maana ndilo linaloendesha ofisi ya Nairobi iliyotufanyia mahojiano kabla ya safari. Tangu mpango wa kuwapokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025, zipo familia hapa zenye mke au watoto waliobaki kule, na tunatembea kwa ajili yao pia. Njia haizidi kilomita tano na inafaa kigari cha mtoto.

Nataka kuongeza jambo la usalama. Januari 2025 serikali iliondoa mwongozo uliokuwa unazuia ukamataji wa wahamiaji makanisani. Ndiyo sababu mmeona vibao kwenye milango ya ofisi, madarasa na jiko vikisema ni sehemu za faragha. Ofisa akifika, msibishane naye na msifungue milango hiyo: mwiteni mchungaji au mzee wa zamu, ambaye ataomba kuiona hati iliyosainiwa na jaji, kwa sababu hati iliyosainiwa na ofisa wa uhamiaji peke yake haitoshi kumruhusu kuingia sehemu ya faragha. Mwenye shauri la karatasi zake asitegemee ushauri wa sisi washarika, wala asimlipe mtu anayejiita mtaalamu bila leseni. Amwone wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria, na kanisa litamsaidia kumpata.

Swali la mama aliyetoka Iringa

Nawashukuru mno, na Mungu awabariki. Mume wangu amesema tutakuja tarehe 4 na watoto, na mimi ningependa kusaidia jikoni siku ya mnada. Je, nipike kisamvu?

Jibu la mama katibu

Pika mwanangu, watakifurahia. Jambo moja tu: kama unakiunga kwa karanga, kipikie nyumbani katika chungu chake, usitumie mwiko wa sufuria nyingine, na uweke mbele yake kadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba kina karanga, kwa sababu katika darasa la Jumapili tuna watoto ambao karanga kidogo tu huwafunga pumzi. Kadi tupu ziko katika droo ya kwanza kulia, chini ya mashine ya kahawa. Chungu cha nazi kiwe cha pili, kwa wale wasioweza karanga.

Wanaotaka kusaidia darasa la watoto wajaze fomu ya uchunguzi wa kumbukumbu za jinai sasa hivi, kwani majibu huchukua muda na hakuna anayeruhusiwa kukaa na watoto bila majibu hayo, hata mke wa mchungaji. Wenye kuhitaji usafiri kwa tarehe 4 na tarehe 11 waniandikie kabla ya Alhamisi ya juma husika, wakitaja idadi ya watoto na umri wao, ili wenye magari waandae viti vinavyofaa.

Wenu katika huduma,
Katibu